Deki Iliyosinzia Kwenye Posa

Mama mkwe wangu hajawahi kuniambia neno moja kwa moja. Si kwamba tumekosana. Ndivyo alivyolelewa: mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali, na maneno yake hupitia kwa binti. Hata nikiwa nimeketi mbele yake nikipuliza uji wake, humgeukia mke wangu na kusema, "Mwambie mume wako uji ni wa moto." Nami humwambia mke wangu, "Mwambie mama nimeungua tayari." Miaka yote ya ndoa yetu tumezungumza hivyo, kama mataifa mawili yenye balozi mmoja aliyechoka.

Kwa hiyo siku aliponiomba kitu, aliniomba kupitia kwa balozi. Shemeji yangu, binti wake wa mwisho, alikuwa anaposwa na familia ya Bugarama, kule bondeni kwenye joto na mpunga, na sherehe ya posa, ile tunayoiita gusaba, ingefanyika uani kwake Nyakarenzo. Alimwambia mke wangu, mimi nikiwa palepale: "Muulize mume wako, wakati ng'ombe anapoingia, anaweza kunisikilizisha mzee?"

Mzee ni baba mkwe, aliyefariki. Alijulikana kata nzima kwa kughani sifa za ng'ombe. Siku mimi nilipoposa alikataa katakata mtu mwingine amsifu ng'ombe wa mahari ya binti yake, akaenda mwenyewe kumkagua, akarudi na fimbo yake akaghani mpaka wageni wakasahau pombe. Kamera ya siku ile iliingia maji ya mvua, ikabaki sauti tu. Mpiga picha alitutolea sauti ile kwenye CD mbili. Yetu ilipotea tulipohama nyumba. Studio ilifungwa. Imebaki moja, na iko ndani ya sanduku la mama mkwe, imefungwa kwenye kitenge. Redio yake iliyokuwa ikisoma CD ilikufa zamani, kwa hiyo kwa muda mrefu alikuwa na sauti ya mumewe ndani ya nyumba bila njia ya kuisikia.

Mtu yeyote mwenye akili angesema: ichukueni CD, mkaihamishie kwenye simu. Nilisema. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma chuo kikuu. Jibu lilirudi kupitia kwa balozi: jirani yake aliwahi kutoa CD ya arusi ya mwanawe ikahamishwe mjini, ikarudi ikiwa na sinema ya karate. CD ya mzee haitoki nyumbani. Nitapewa mkononi siku ya posa, asubuhi, na nitairudisha siku hiyohiyo.

Nikaenda kuzungumza na madijei wa mjini Kamembe. Wote ni vijana wazuri, wana kompyuta nyembamba kama chapati, na hakuna hata mmoja ambaye kompyuta yake ina tundu la kuingizia CD. Mmoja aliishika CD yangu ya zamani niliyomwonyesha akaigeuzageuza. "Papa, hii tulikuwa tunafukuzia ndege kwa mupunga," akasema.

Hapo ndipo shetani wangu wa zamani alipoamka. Nililelewa Bukavu, ng'ambo ya mto, enzi ambazo dijei alikuwa mtu wa kuogopwa kuliko mkuu wa shule, na mimi nilikuwa na katoni ya CD na ndoto ambayo haikuniletea msichana hata mmoja. Nikamwambia mke wangu: pesa ambazo familia ingemlipa dijei, tununue deki ya kusoma CD. Posa ikiisha, deki inabaki. Ni uwekezaji.

"Uwekezaji," mke wangu alisema. "Kama wale sungura?"

Sitaeleza habari za sungura.

"Sikiliza," akaendelea, na sasa hakuwa na utani. "Fanya unavyotaka na mashine. Lakini mama hajawahi kukuomba kitu. Ile sauti isipotoka, si wewe atakayemlaumu. Atajilaumu yeye kwa kuomba."

Maneno hayo yaliniondolea usingizi na kunitia kwenye mtandao. Nilisoma kila kitu ambacho watu wamewahi kuandika kuhusu deki za CD za madijei: ipi inaanza papo hapo ukibonyeza, ipi inachelewa, lenzi ipi huchoka mapema, ipi inachagua CD za dukani na kuzitemea mate CD zilizochomwa nyumbani. Nilijifunza kwamba mwenye mfuko mwembamba ana njia mbili tu. Anunue mashine pacha ya bei rahisi, deki mbili ndani ya boksi moja, aweze kuchanganya nyimbo kama dijei kamili. Au anunue deki moja nzito ya kazi, iliyotumika, na aishi nusu dijei.

Pale Kamembe kuna mfanyabiashara wa vitu vya mitumba vya sauti, Mwislamu wa familia ya zamani mjini, mtu wa kanzu safi na ulimi mwepesi. Alikuwa nazo zote mbili. Pacha ilikuwa inang'aa, ina taa za buluu. Deki nzito ilikuwa imekwaruzwa kama mlango wa zizi, na kitufe kimoja kilikuwa kimebadilishwa na kifungo cha shati.

Aliweka CD yake mwenyewe kwenye pacha, ikalia vizuri. "Unaona, Papa? Mbili kwa moja. Unachanganya, bantu banacheza, unarudi nyumbani na mugongo muzima. Ile ingine ni chuma tu."

"Ngoja nijaribu na zangu," nikasema, nikafungua mfuko.

Nilikuwa nimekusanya CD mbaya kuliko zote nilizozijua: ya sebene iliyochomwa Bukavu na kuandikwa kwa kalamu ya wino, moja iliyowahi kutumika kama kifuniko cha kikombe, na ile muhimu, CD ya kwaya ya kanisa letu iliyotengenezwa na studio ileile, miaka ileile, kama ya mzee. Sikuweza kuipima sauti ya mzee. Ningempima ndugu yake.

Mwenye duka alizitazama zilivyopangwa mezani. "Papa, uko unanunua mashine ao uko unafungua hopitali?"

Pacha ilisoma kwaya haraka. Nilikaribia kufurahi. Kisha, katikati ya wimbo wa tatu, sauti za soprano zikaruka, zikarudi, zikaruka tena, kama mtu anayejaribu kuvuka mfereji na kuogopa. Nikaiweka kwenye deki nzito. Ikanguruma. Ikaandika vistari kwenye kioo chake kidogo. Tukasubiri. Mteja mmoja aliingia akanunua waya akatoka. Tukasubiri. Halafu ikasoma, na ilipoanza haikuruka hata mara moja, tangu wimbo wa kwanza hadi baraka za mwisho, nami nikiwa nimesimama dukani na hedifoni masikioni huku mwenye duka amekwenda kuswali na kurudi.

"Bado uko hapa?" akasema.

"Inachelewa kusoma."

"Inachelewa, lakini ikishika haiachi. Unaisomesha mbele, unaisimamisha pahali unataka, unangoja. Ukibonyeza, inatoka palepale." Akapiga kifuniko chake kofi la upole. "Neno moja tu. Ukiisimamisha sana bila kuigusa, inalala. CD inaacha kuzunguka. Ni sawa na muntu wa ofisi. Uiguseguse."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa asisahau mwavuli. Nilikuwa nimeshaamua. Nilibeba deki moja, na kwa muziki mwingine wote ningetumia simu yangu. Dijei wa deki moja ni kama mpiga makofi wa mkono mmoja, nalijua hilo, lakini sikuwa nikienda kuchezesha watu. Nilikuwa nikienda kumtoa mtu mmoja kwenye kitenge.

Asubuhi ya posa tulifika Nyakarenzo umande ukiwa bado kwenye majani ya migomba. Mahema mawili yalikuwa yamesimamishwa yakitazamana, la wenyeji na la wageni. Nilipanga meza yangu pembeni ya hema la wenyeji: deki, mikseri, simu, waya, na nyuma yangu spika mbili za kukodi. Jenereta ilikuwa nyuma ya jiko, ikinguruma. Mama mkwe alitoka ndani amevaa mshanana, vazi la sherehe la kufunga begani, wa rangi ya maziwa. Alikuja moja kwa moja hadi mezani na kitenge mkononi, akamkabidhi mke wangu, na mke wangu, aliyekuwa amesimama kati yetu kwa umbali wa mkono, akanikabidhi mimi.

"Mwambie asiishike katikati," akasema mama mkwe.

Ilikuwa na mikwaruzo mitatu mirefu na alama ya kidole gumba. Niliipulizia pumzi, nikaifuta kwa kitambaa kutoka katikati kwenda ukingoni, nikaiingiza. Vistari. Ngurumo. Mke wangu alikuwa akishona kifungo ambacho hakikuwa kimekatika. Kisha tarakimu zikatokea, nami nikavaa hedifoni.

Kwanza ilikuja mvua, ikigonga turubai. Watu wakicheka mbali. Mtu akikohoa karibu sana na kipaza sauti. Halafu baba mkwe, kabla ya kughani, wakati hajajua kwamba anasikika, akimwambia mtu aliyekuwa kando yake, kwa sauti ile ya chini aliyokuwa akiitumia jikoni:

"Ng'ombe nimemkagua meno, hana kasoro. Lakini huyu mkwe wa kutoka ng'ambo, nani amemkagua meno?"

Na yule mwingine akacheka hadi akakosa pumzi.

Miaka yote hiyo sikujua. Nakala yetu ilipotea kabla sijaisikiliza kwa makini, na siku yenyewe nilikuwa hema la pili, nikiwa na suti ya kuazima, nikijaribu kuonekana kama mtu anayejua ng'ombe anaanzia wapi. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Kisha nikatafuta pale anapojisafisha koo na kuanza kughani, nikaweka alama papo hapo, baada ya mzaha. Nilijiambia ni kwa ajili ya heshima ya shughuli. Nilijiambia kwamba bwana arusi wa Bugarama asije akadhani ni yeye anayesemwa. Mtu aliyesoma hakosi sababu.

Nikaisimamisha deki kwenye alama, na nikakubaliana na msemaji wa familia, mwalimu mstaafu mwenye kofia ya ukindu: ng'ombe akiingia uani, atainua fimbo, nami nitabonyeza. Muziki wa mapokezi nikaupiga kwa simu. Wageni wakaja wamepanga mstari. Kila kitu kilikuwa sawa.

Kisha wasemaji wakaanza kusema.

Asiyewahi kukaa kwenye gusaba yetu anahitaji kujua hili: wasemaji wawili, wa wenyeji na wa wageni, hawapo pale kuafikiana. Walishaafikiana. Wapo pale kunyimana, na sifa ya mtu ni jinsi anavyonyima kwa utamu.

"Mmetoka Bugarama," akasema mwalimu wetu. "Mbona mmetuletea na joto lenu?"

"Joto ni la mapenzi, mzee. Mchele tumeacha njiani."

"Mmekuja kuomba binti na mchele mmeacha njiani?"

"Tuliogopa hamna sufuria ya kuutosha."

Hema zima likapiga kelele. Mwalimu akangoja zitulie. "Basi kuna tatizo. Binti mnayemtaka alikwenda kuchota maji, na kisima kimehama."

"Tumekuja na watu wa kukifuata kisima."

"Wana viatu?"

Nilicheka kama wengine. Nilicheka na mkono ukiwa juu ya meza, macho kwenye fimbo ya mwalimu, maana fimbo ndiyo iliyokuwa ishara yangu. Wakaenda kwenye mababu. Wakarudi kwenye kisima. Msemaji wa wageni, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, alidai kwamba babu yake na babu yetu walichunga pamoja; mwalimu akataka kujua ng'ombe wa nani aliyekuwa akipotea. Kinywaji kikapita. Mama mkwe alikuwa ameketi mstari wa mbele, mikono juu ya magoti, na alikuwa mtu pekee asiyewatazama wasemaji. Alikuwa akitazama spika.

Nami nikamtazama yeye, na kwa sababu ya kumtazama yeye ndipo nikaiangalia deki.

Kioo chake kilikuwa kimezimika. CD ilikuwa imesimama kabisa. Niliweza kuiona kupitia dirisha dogo la kifuniko, mikwaruzo yake mitatu imetulia kama njia za mbuzi. Mashine ilitengenezwa na watu ambao hawakuwahi kumsikia mwalimu mstaafu akipewa kipaza sauti.

Nikaigusa. Vistari. Ngurumo. Na hapohapo ng'ombe akaingia.

Aliingia akivutwa na kijana mmoja, shingoni ana kengele, na mwalimu akainua fimbo yake juu kabisa, akiwa na uso wa mtu aliyepanga jambo zuri. Nikabonyeza. Hakuna. Uwanja ukanyamaza, kwa kuwa wote walijua kuna kitu kinangojwa. Kengele ya ng'ombe ikalia mara moja. Jenereta ikasikika. Vistari vikakimbia kwenye kioo, vikarudi, vikakimbia.

Mwalimu akanigeukia bila kushusha fimbo. "Mkwe wetu, ng'ombe amefika. Mchungaji yuko wapi?"

Vicheko vichache, vya huruma. Mke wangu alikuwa ameshasimama. Mkono wangu ulitaka kuitoa CD na kuirudisha, kama mtu anavyopiga redio kofi, lakini nilijua kwamba nikiitoa huenda isisome tena. Mwenye duka alisema ikishika haiachi. Hakusema itashika. Mama mkwe hakuhamisha macho, ila vidole vyake vilianza kukunja kitambaa cha mshanana juu ya goti, kidogo kidogo, na nilielewa alichokuwa anakifanya. Alikuwa anaanza kujilaumu.

Tarakimu zikatokea.

Nilifahamu mara moja kilichotokea: alama yangu ilikuwa imefutika pamoja na usingizi. Ilikuwa imeanza mwanzo. Kutoka kwenye spika zote mbili, kubwa kuliko nilivyoisikia asubuhi, ikatoka mvua.

Kidole changu kilikuwa kwenye kidhibiti cha sauti. Nilikuwa na nafasi. Ningeshusha sauti wakati wa mzaha, nikaipandisha aanzapo kughani. Ni kazi ndogo, hata dijei wa mkono mmoja anaiweza. Mvua ikaendelea kunyesha kwenye turubai la miaka ile, watu wakatazama juu, na mbingu ilikuwa nyeupe. Kisha mtu akakohoa.

Kikohozi hicho ndicho kilichomgusa mama mkwe. Hakungoja neno. Aliinama mbele, mdomo ukiwa wazi kidogo, kama mtu aliyesikia lango likifunguliwa na anajua ni nani. Ule ughani wa sifa alikuwa ameshausikia, na kata nzima iliusikia. Lakini sauti ya chini, ya jikoni, nani mwingine aliyeikumbuka?

Nikaondoa kidole.

"Ng'ombe nimemkagua meno," akasema baba mkwe kwa mahema yote mawili, "hana kasoro. Lakini huyu mkwe wa kutoka ng'ambo, nani amemkagua meno?"

Watu wakatazamana, wakitafuta ni mkwe yupi. Halafu mwalimu, ambaye Mungu hakumpa ulimi bure, akaishusha fimbo yake polepole mpaka ikanielekea mimi. Uwanja ukapasuka. Wageni wa Bugarama walicheka wakishikana mabega. Msemaji wao mnene alilazimika kuketi. Bwana arusi mtarajiwa, maskini, aligusa midomo kwa mkono wake mwenyewe, akiyahesabu meno yake. Na juu ya vicheko hivyo mzee akajisafisha koo na kuanza kughani, na hatukumsikia vizuri mpaka ubeti wa pili, lakini aliendelea, na deki haikuruka hata mara moja.

Alipomaliza, mvua ikabaki peke yake kidogo, kisha ikakatika. Nilijishughulisha na waya ambazo hazikuhitaji kushughulikiwa. Nilisikia kiti cha mstari wa mbele kikilia, nikaona mshanana wa rangi ya maziwa ukija kuelekea meza yangu, na mke wangu akikimbilia kati yetu, mahali pake pa kazi.

Mama mkwe alisimama. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyafuta. Alinitazama, kisha akamgeukia binti yake.

"Mwambie mume wako," akasema, "afungue kinywa."

Mke wangu akanigeukia. Alijaribu kuisema na akashindwa kwa kicheko. Haikuwa na haja. Niliinama mbele ya wakwe wote wa Nyakarenzo na Bugarama, nikafungua kinywa, na mama mkwe akainua kidevu changu kwa vidole viwili akielekeza kwenye mwanga. Alichukua muda wake. Alikagua juu, akakagua chini.

"Mwambie lipo moja bovu, la nyuma," akasema. "Lakini baba yako alikuwa na haraka, hakukagua. Huyu anafaa."